Kutoka Makambako hadi Lupembe: Ubena wa Kale Katika Barua za Wamisionari

Nyanda za juu zinazoanzia Makambako na kupanda kuelekea Njombe, ambazo leo ni sehemu ya Mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, zina historia ambayo kwa kiasi kikubwa ilitiwa kwenye maandishi na wageni. Iliandikwa kwa Kijerumani, katika barua na shajara ambazo wamisionari wa Misheni ya Berlin, shirika la Kilutheri, walizipeleka kwa wakuu wao tangu miaka ya 1890, na sehemu kubwa ya karatasi hizo imehifadhiwa mpaka leo mjini Berlin. Safari inayosimuliwa hapa iliifuata njia ya barua hizo kwa kurudi nyuma, kutoka kwenye karatasi hadi kwenye ardhi iliyozizaa: ilianzia stesheni ya reli ya Makambako, ikapitia Kidugala na mji wa Njombe, ikafika Yakobi na kuishia Lupembe. Kusudi lake lilikuwa kutazama ni mambo gani ya maisha ya Wabena, wenyeji wa nyanda hizo, mwishoni mwa karne ya 19 ambayo waandishi wa barua waliyanasa sawasawa, na ni yapi yaliyowapita mbele ya macho.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inatoa hapa tawi la kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, inaufikia mji huu baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja ya kipande cha Mlimba, kipande ambacho kiliwatoa jasho wajenzi kuliko vingine. Upepo wa Makambako hauna msimu. Unapeperusha vumbi kati ya malori yaliyoegeshwa, na abiria aliyepanda treni kule joto la Kilombero akiwa na shati jepesi hulazimika kutafuta sweta la mitumba kabla hata hajatafuta chai. Mteremko huohuo wa mashariki ndio ulioteremkwa na sehemu moja ya Wabena katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale ukoo wa kitawala wa Kiwanga ulipobanwa na Wahehe ukahamia mabondeni, ukawa na historia yake ya peke yake ambayo A. T. na G. M. Culwick waliiandika mwaka 1935 kwa ushirikiano na Mtema, yaani mtawala, Towegale Kiwanga.

Waliobaki juu hawakuwa na dola moja. Waliishi chini ya watwa wengi, yaani watawala wa maeneo, kila mmoja na watu wake na makaburi ya wazee wake ya kufanyia matambiko. Na watwa hao walizungukwa na majirani wenye nguvu kuwashinda: Wahehe wa Munyigumba na baadaye wa mwanawe Mkwawa upande wa kaskazini, Wasangu wa Merere upande wa magharibi, na Wangoni kusini, ambao mashambulio yao yaliifanya mipaka ya Ubena kuwa mahali pa kulala na jicho moja wazi. Bila kuliweka hilo mbele, barua za wamisionari hazieleweki. Wageni hao hawakuingia katika nchi tulivu, wala hawakuingia kabla ya bunduki za serikali ya Kijerumani. Walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakiongozwa na Alexander Merensky, mwaka uleule ambao Mkwawa aliangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti. Lakini njia ya kuingia Ubena kwa uhakika ilifunguka baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuanguka tarehe 30 Oktoba 1894 na Mkwawa kuandamwa kwa miaka iliyofuata, mpaka alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Kituo cha Kidugala kilianzishwa mwaka huohuo wa 1898, na Yakobi na Lupembe vikafuata muda si mrefu.

Kidugala leo ni kata ya Wilaya ya Wanging'ombe, na jina lake linajulikana zaidi kwa seminari ya Kilutheri, ambayo ni shule ya sekondari yenye wanafunzi wanaotoka sehemu nyingi za nchi. Nchi inayozunguka ni ya mawimbi ya vilima vyenye nyasi, na mabondeni kuna vinyungu, yaani bustani za ardhi ya unyevu zinazolimwa wakati wa kiangazi, pale ambapo shamba la mlimani limekwisha kuvunwa na ghala linaanza kupungua. Mtu akisimama juu ya tuta moja la vinyungu karibu na Kidugala anaona jinsi kazi hiyo ilivyo ya hesabu: matuta yamepandishwa ili mizizi isioze, mifereji midogo kati yake inaondoa maji yaliyozidi na kuyabakiza yanayotosha, na maharage, mahindi mabichi na mboga za majani vinakaa kila kimoja kwa kimo chake cha unyevu. Ni elimu ya wakulima wenyewe, na inaeleza kwa nini watu waliokuwa wakiporwa ulezi wao ghalani, ule uliokuwa nafaka yao kuu, waliweza kuuvuka mwaka wakiwa hai.

Jambo la kwanza la kufahamu kuhusu barua zilizoandikwa katika vituo kama hiki ni kwamba hazikuwa maandishi ya faragha. Mmisionari alitakiwa kuweka shajara ya kituo, yaani kumbukumbu ya matukio kwa tarehe, na kuipeleka Berlin kwa vipindi. Huko wakuu waliisoma, wakachagua vipande, wakavichapisha katika jarida la misheni lililosomwa na waumini waliotoa fedha. Kwa hiyo kila aliyeandika alijua kwamba nyuma ya msomaji wa kwanza walikuwapo wasomaji wengine waliotarajia kusikia giza likipungua na nuru ikiongezeka, na kalamu yake ilielekea huko hata pale alipokuwa mtu mwaminifu. Mganga wa kienyeji anatokea kama mpinzani, mtwa anatokea kama mlevi au rafiki, na tambiko linaelezwa kwa haraka ya mtu anayetaka kulipita. Lakini shajara hiyohiyo ilibidi itaje vitu ambavyo havikuwa na mafunzo ya kidini ndani yake: vibarua waliolipwa vitambaa, mvua iliyochelewa, safari ya kutafuta wapagazi, jirani aliyekuja kuomba dawa na hakurudi tena. Thamani ya nyaraka hizi kwa historia ya Ubena imo humo, katika mistari ambayo mwandishi aliiandika bila kuitia maanani. Msomaji anayezisoma kwa ajili ya mahubiri atapata mahubiri. Anayezisoma kwa ajili ya vitambaa, chumvi, majembe na njaa ataiona jamii nzima ikifanya kazi.

Upana wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi likiwekwa karibu na la Wacherokee, taifa la wenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, ambao nao wanasomwa sana kupitia barua za karne ya 19 zilizohifadhiwa. Kiungo kati ya nchi hizo mbili si cha kubuni. Kanisa la Moravian, ambalo mwaka 1891 liliingia Rungwe na kugawana eneo na Misheni ya Berlin, Wamoravian wakichukua upande wa magharibi na Waberlin upande wa mashariki, lilikuwa limekwisha kufungua kituo kwa Wacherokee pale Springplace, Georgia, mwaka 1801, na shajara za kituo hicho, zilizoandikwa kwa sehemu kubwa na John na Anna Rosina Gambold, zimesomwa na kuchapishwa na wanahistoria wa leo. Kanisa moja, desturi ileile ya kuandika kila siku na kutuma nakala, na jamii mbili zilizoandikwa zikiwa mbali kabisa moja na nyingine.

Tofauti imo katika mkono ulioshika kalamu. Mwaka 1821 Mcherokee aliyeitwa Sequoyah, ambaye hakuwa amesoma Kiingereza, alikamilisha mfumo wa kuandika lugha yake kwa alama zipatazo 85, kila alama ikiwakilisha silabi, na kwa miaka michache tu watu wake wakawa wanaandikiana barua. Tarehe 21 Februari 1828 gazeti lao, Cherokee Phoenix, likatoka New Echota kwa lugha mbili chini ya mhariri Elias Boudinot. Kwa hiyo pale walipofukuzwa katika ardhi yao na kupelekwa magharibi mwaka 1838 na 1839, katika safari ambayo inakadiriwa iliua watu wapatao 4,000, maombi yao, ugomvi wao wa ndani na uchungu wao vilibaki kwa maneno yao wenyewe. Kusini mwa Tanzania ya leo nako walikuwapo Waafrika walioweza kumjibu mkoloni kwa wino: Machemba, kiongozi wa Wayao karibu na pwani ya kusini, alimpelekea Hermann von Wissmann, mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, barua ya Kiswahili mwaka 1890 ya kukataa kwenda kumsujudia. Ubena wa miaka hiyo haukuwa na Machemba wake kwenye karatasi. Sauti zake zimefika kwetu zikiwa zimepita kwenye masikio ya Kijerumani, na mwanahistoria hana budi kuzitoa humo kwa subira.

Kwamba inawezekana kuzitoa, mwanahistoria Marcia Wright alikwisha kuonyesha. Baada ya kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu misheni za Kijerumani katika nyanda za juu za kusini, alirudi kwenye masimulizi ya wanawake kama Narwimba na Chisi, waliosimulia maisha yao kwa wamisionari wa Kimoravian, na katika kitabu chake cha mwaka 1993 akafuatilia jinsi wanawake waliotekwa, kuuzwa au kurithiwa walivyotafuta mlinzi, mume, ndugu au misheni ya kuwafichia, hatua kwa hatua. Narwimba na Chisi hawakuwa Wabena, lakini hofu waliyoiishi ilikuwa ileile iliyotanda kutoka Ziwa Nyasa hadi Ubena, na mtu aliyewasoma anapokutana katika shajara na mwanamke asiye na jina, aliyefika kituoni jioni akiwa na mtoto mgongoni, hawezi tena kumchukua kama pambo la habari.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita zipatazo 60 za lami, barabara iliyojengwa hadi Songea katikati ya miaka ya 1980, na kila kilomita inaongeza baridi kidogo. Mashamba ya viazi mviringo yanafuatana na misitu ya misonobari, miche ya parachichi imejaa maeneo ambayo zamani yalikuwa malisho, na karibu na Kibena yanaanza mashamba ya miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, yaliyoanzishwa na shirika la maendeleo la kikoloni la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Njombe yenyewe iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 2,000, na mwezi wa Juni na Julai ukungu wa asubuhi huifunika stendi kiasi kwamba sauti za wapiga debe husikika kabla ya mabasi kuonekana. Salamu ni "kamwene", nayo inajibiwa "kamwene", na mgeni anayeitamka hata kwa lafudhi mbaya hupewa nafasi ya kukaa.

Katika msimu wa mvua, milanzi, yaani mianzi ya kugemea, huonekana nyuma ya nyumba nyingi. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi changa, akatega chini yake kipande cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na maji matamu yakadondoka humo. Hurudi asubuhi na jioni, kila mara akichonga upya kile kidonda chembamba kwa kisu kikali ili kisizibe, na kinywaji kinachopatikana, ulanzi, kikiachwa kinachachuka kwa saa chache tu. Kwa mmisionari wa miaka ile pombe ilikuwa hasa suala la nidhamu ya Kikristo. Kwa Mbena ilikuwa pia njia ya kuwakusanya watu kulima shamba la mgonjwa, kumpokea mkwe, kumaliza kesi na kuwakumbuka waliolala makaburini. Barua iliyoandika kwamba watu fulani walikunywa tangu asubuhi huenda ilikuwa inaeleza siku ya kazi ya ushirika au kikao cha ukoo, na aliyekaa na Wabena wakati wa ulanzi hawezi kuisoma tena kama alivyokusudia mwandishi wake.

Yakobi, iliyo mahali si mbali na mji wa Njombe, ndiyo iliyostahili muda mrefu kuliko vituo vyote vya safari hii, kwa sababu hapo barua na kumbukumbu za watu zinakutana uso kwa uso. Mmisionari wake, Paul Gröschel, alichapisha mjini Berlin mwaka 1911 kitabu kinachosimulia miaka kumi ya kazi kwa njia ya barua za mwaka 1898 hadi 1908, na ni nadra sehemu yoyote ya bara ya Tanzania kuwa na mfululizo wa namna hiyo unaohusu mahali padogo kiasi hicho kwa miaka mingi kiasi hicho. Barua hizo zinaanza katika ulimwengu wa karne ya 19, wenye hofu ya Wangoni na watwa wanaopima kila mgeni kwa manufaa yake, na zinakwisha katika ulimwengu wa kodi, shule na serikali. Kodi ya nyumba ilikuwa imetangazwa na Wajerumani mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, rupia 3 kwa nyumba ya vijijini, na mtu asiyekuwa na rupia alijikuta akidaiwa nguvu zake. Kwa hiyo mmisionari aliyelipa vibarua alikuwa, apende asipende, sehemu ya njia ambayo kodi ilipitia.

Katikati ya kipindi hicho kuna Septemba 1905. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai mwaka huo katika vilima vya Matumbi, vilipanda hadi Ubena, na mtwa Mbeyela, ambaye mpaka hapo alikuwa ameishi na misheni kama jirani, akaungana na Wangoni kuishambulia Yakobi. Gröschel na wafuasi wake walikitetea kituo, na washambuliaji wakarudishwa nyuma. Barua ya mtu aliyezingirwa, akiwaandikia waliomtuma, inaweza kueleza mishale, usiku, maombi na wokovu. Ni vigumu mno ieleze kwa nini jirani wa jana aligeuka, na ni vigumu zaidi ikiri kwamba wengi waliokuwa ndani ya kituo wakikitetea walikuwa Wabena kama wale waliokuwa nje, kiasi kwamba mapigano yale yalipita katikati ya koo na pengine katikati ya nyumba.

Wazee wa Yakobi wanayaita mapigano hayo vita ya Korosani, na Korosani ni Gröschel. Mwanahistoria James Giblin, aliyefanya utafiti wa miaka mingi Njombe, aliandika juu ya simulizi hizo katika kitabu kuhusu Maji Maji alichokihariri pamoja na Jamie Monson mwaka 2010, akionyesha kwamba zina mambo ambayo nyaraka haziyafikii. Jina hilo la vita peke yake linabadilisha mpangilio wa habari. Katika vitabu vya shule vita hivi ni vya taifa dhidi ya ukoloni, na katika barua ni vya wapagani dhidi ya Wakristo. Pale Yakobi ni vita iliyomhusu mtu mmoja aliyejulikana kwa sura, aliyekuwa na ardhi, vibarua, watoto wa watu darasani na ugomvi na majirani. Simulizi nazo zina matatizo yake, kwani zimepita katika vizazi kadhaa na kanisa limezipaka rangi yake, lakini kuziacha ni kukubali kwamba mtu mmoja tu alikuwapo Yakobi siku ile.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko mapigano. Jeshi la Kijerumani lilichoma vijiji na kuharibu chakula ili kuwanyima wapiganaji nguvu, na njaa iliyotokea ndiyo iliyoua watu wengi kuliko risasi: Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000 katika eneo zima la vita, na Gilbert Gwassa, aliyekusanya ushahidi wa wazee miaka ya 1960, alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000. Njaa hiyo ndiyo mwisho halisi wa karne ya 19 katika nyanda hizi. Watwa waliokuwa na uhuru wa kuchagua upande hawakuwa nao tena, na misheni, iliyokuwa kimbilio moja kati ya makimbilio kadhaa, ikabaki kuwa mlango karibu wa pekee kwa aliyetaka chakula, shule au ulinzi.

Lupembe, mashariki ya Njombe, iko ukingoni mwa nyanda za juu, mahali penye mvua nyingi ambapo leo chai imefunika miteremko na ardhi inaanza kushuka kuelekea Kilombero. Hapa alifanya kazi Christoph Schumann, aliyekuwa amechapisha sarufi ya lugha ya Kikonde, yaani Kinyakyusa, mwaka 1899, na hapa pia mfululizo wa barua za Kijerumani unakatika kwa ghafula. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliyotoka upande wa Nyasa na Rhodesia, chini ya Jenerali Edward Northey, yaliingia Ubena. Mwezi wa Novemba kulikuwa na mapigano Lupembe, na kikosi kimoja cha Wajerumani kikajisalimisha Ilembula. Wamisionari wakaondolewa. Kwa miaka karibu kumi, mpaka waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, sharika na shule ziliendeshwa na walimu wa Kiafrika, kwa muda wakisimamiwa na Waskoti, na kazi ya kuandika ikawa yao.

Hapo kalamu ilikuwa imehama mikono. Kizazi kilichojifunza herufi Kidugala, Yakobi na Lupembe ndicho kilichozaa wanaume walioondoka Njombe kwa maelfu kwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, hasa baada ya ofisi ya kuandikisha vibarua wa katani, SILABU, kuanzishwa mwaka 1944. Wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa zilizotoa watu wengi zaidi. Mume aliyekuwa Korogwe alimwandikia mkewe kuhusu mbegu, karo, ng'ombe na deni, na mke asiyejua kusoma alimpelekea mwalimu wa kijiji ile barua, kisha akamtajia majibu. Barua hizo, tofauti na zile za Gröschel, hazina jalada la kumbukumbu wala namba ya rafu. Zilizosalia zimo katika masanduku ya bati ya familia, pamoja na stakabadhi za kodi na vyeti vya ubatizo, na kila msiba unapotokea baadhi yake huchomwa na takataka za chumba cha marehemu. Kazi ya kuzikusanya kwa idhini ya wenyewe, kuzinakili na kuziweka pamoja na tafsiri ya Kiswahili ya barua za Yakobi, katika chumba kimoja pale Njombe mjini, iko ndani ya uwezo wa halmashauri, dayosisi na shule za mkoa huo, na inahitaji kuanza wakati wajukuu wa manamba wangali wanaweza kusema ni nani aliyeandika na alikuwa shamba gani.